Mshahara ninao, furaha sina: niache kazi nikaoke keki?

Swali: Bi Mshauri, shikamoo. Nina miaka 35, ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, naishi Likoni, Mombasa. Nafanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na ofisi yetu iko mjini karibu na Moi Avenue. Kazi yangu ni hati: nafungua entri za forodha, nafuatilia malipo ya ushuru, nahangaika hadi kontena litoke. Mshahara si mbaya na unalisha watu wengi. Lakini nimechoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Bosi hutuma ujumbe hadi saa nne, saa tano za usiku. Meli ikichelewa nalaumiwa mimi, mfumo wa forodha ukilala nalaumiwa mimi. Huu mwaka wa pili sijaenda likizo. Jumapili alasiri tumbo huanza kunikaza kwa kuwa kesho ni Jumatatu. Kinachonipa raha ni keki tu. Wikendi huoka za oda, za harusi na za watoto, na nikiwa jikoni nasahau dunia. Rafiki zangu wanasema niache kazi nifanye ninachokipenda. Mama naye ananiambia kazi mbaya si mchezo mwema. Yeye aliuza mahamri na mbaazi Mtongwe mpaka nikamaliza chuo, na sikumsikia akilalamika hata siku moja. Je, kazi na furaha vinaweza kukaa nyumba moja, au mimi ndiye nisiye na shukrani? Niache?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu.

Usiache kazi mwezi huu. Na hilo la shukrani liondoe moyoni kabisa. Mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa riziki na bado akaumizwa na njia riziki hiyo inakopitia. Kazi yangu ni ushauri nasaha kwa wafanyakazi wa mji huu, wa bandarini, wa mahotelini, wa viwandani, na swali lako nimelisikia kwa sauti nyingi. Karibu kila mara huja limefungwa fundo moja: kazi nzima imewekwa huku, furaha nzima kule, halafu mtu anaambiwa achague. Likikaa hivyo halijibiki. Tulifungue kwanza.

Barua yako ilikuwa ndefu kuliko hivi ilivyo hapa juu, na kuna mahali nimepaacha makusudi ili nipataje sasa. Ulieleza kwamba mwezi uliopita kulikuwa na shehena ya vifaa vya hospitali iliyokwama kwa sababu iliandikiwa namba ya ushuru isiyo yake. Wenzako wawili walikwishashindwa. Wewe ukakaa nayo mchana kutwa, ukafungua kitabu cha ushuru ukurasa kwa ukurasa, ukaipata namba yenyewe, na mzigo ukatoka. Ukaandika: "Siku hiyo nilivuka feri nikitabasamu peke yangu."

Mtu aliyeichukia kazi yake hatabasamu kwenye feri kwa sababu ya namba ya ushuru. Wewe kazi yenyewe unaipenda, tena unaijua. Yasome upya malalamiko yako: ujumbe wa usiku, lawama za meli iliyochelewa, likizo ambayo hukupewa, Jumapili inayoliwa na Jumatatu. Hakuna hata moja linalohusu kuandika entri. Yote yanarudi kwenye mambo mawili: kazi hii huna kauli juu yake, na kazi hii haiishi.

Nianze na kauli, maana hapo ndipo penye uzito. Mwaka 1967, London, watafiti walianza kufuatilia afya ya maelfu ya watumishi wa serikali, na mwaka 1985 wakaanza uchunguzi wa pili wa watu zaidi ya 10,000, wanaume na wanawake. Watu wengi walidhani mabosi wakubwa, wenye mafaili mezani na simu zisizonyamaza, ndio wangeugua moyo. Ikawa kinyume. Kadiri mtu alivyokuwa ngazi ya chini ndivyo hatari ya ugonjwa wa moyo ilivyozidi. Mtafiti wao Michael Marmot na wenzake walipotafuta sababu, sigara na shinikizo la damu havikutosha kueleza tofauti yote. Sehemu kubwa iliangukia kwenye jambo moja: je, mfanyakazi ana uwezo wa kuamua afanye nini, lini, na kwa namna gani? Mmarekani mmoja, Robert Karasek, alikuwa ameligusa jambo hilo mwaka 1979 alipoonyesha kwamba wingi wa kazi peke yake hauelezi jinsi mtu anavyochakaa. Kinachochakaza zaidi ni kazi nyingi inayomkuta mtu asiye na uamuzi.

Sasa njoo kwenye meza yako. Mteja yuko Kampala. Amelipa, anataka mzigo wake, na namba ya simu aliyo nayo ni yako. Meli ingali nje inangoja gati. Hilo ni la bandari. Mfumo wa forodha umelala tangu saa tatu; hilo ni la KRA, mamlaka ya mapato. Afisa wa kukagua kontena hajafika. Hilo ni la forodha. Dereva wa lori kazima simu. Katika mnyororo wote huo wewe unashika kipande kimoja, hati, na kipande hicho umekimaliza jana. Lakini simu inalia kwako, na bosi akipita anauliza kwa sauti ya kusikika ofisi nzima: "Hili kontena bado tu?" Umebebeshwa matokeo ambayo mkono wako haufiki. Fanya hivyo siku moja, utakasirika. Fanya hivyo miaka miwili mfululizo, tumbo litaanza kukaza Jumapili.

Nimelikazia hili kwa kuwa watu wengi wenye hali kama yako huniambia "labda mimi ni dhaifu, wenzangu wanaweza." Nawaombeni sana mliache neno hilo. Mwili unaofanya kazi vizuri ndio unaotoa taarifa kwamba mzigo na mamlaka havilingani.

La pili ni kwamba kazi yako haina kufunga. Nilikuuliza uniandikie siku moja ilivyo, ukaniletea: unatoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro, unashuka kivukoni na umati, unangoja, unavuka, unapanda matatu. Ofisini saa mbili hadi saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi hadi saa saba. Ukitoa saa ya chakula, hizo ni kama saa 50 kwa wiki. Usiku unaweka simu juu ya kabati la vyombo karibu na jiko, uso juu, ili uone ikiwaka huku unakoroga ugali. Kwa makadirio yako mwenyewe ni saa mbili kila usiku za kujibu na kungoja kujibiwa. Zijumlishe, siku tano ni saa kumi. Umefika 60.

Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40, ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa 35%, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyozidi kwa 17%. Saa za simu hazimo kwenye daftari la mwajiri wako. Mwilini zimo.

Tena si kujibu tu kunakochosha. Sabine Sonnentag, mwanasaikolojia wa Ujerumani, amechunguza kwa miaka mingi kinachomrudishia mfanyakazi nguvu baada ya kazi. Kubwa alilolikuta ni akili kuiacha kazi ikae kule ilikobaki. Unaweza kuwa umelala kitandani hujagusa kitu, na kama sikio lako linasubiri mlio wa simu, hujapumzika. Tena wale wanaobanwa zaidi na kazi, ambao ndio wanaohitaji kuiacha, ndio wanaoshindwa kuiacha. Hapo ndipo unapouona ule uchovu uliosema usingizi hauutoi. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani limeueleza uchovu huu wa kazi kwa alama tatu: nguvu zimekwisha, moyo umejitenga na kazi au umeanza kuidharau, na mtu anaona hafai kitu kazini. Kwako naiona ya kwanza wazi kabisa. Ya pili inabisha hodi. Ya tatu bado, na ile siku ya vifaa vya hospitali ndiyo ushahidi wangu.

Kuhusu feri sitasema mengi, kwa kuwa huna la kuifanya. Mwaka 2004 wanawake wapatao 900 wa Texas waliokuwa na kazi waliulizwa wasimulie siku yao kipande kwa kipande na walivyojisikia katika kila kipande, na safari ya asubuhi ya kwenda kazini ikawa mkiani kabisa. Kwa hiyo si Likoni peke yake. Ukiweza kupewa ruhusa ya kuingia na kutoka nusu saa mapema, umati wa jioni kivukoni utaupunguza kidogo. Hilo liweke akiba, usilitangulize.

Rafiki zako watakuambia pesa si kitu. Usiwasikilize. Kule Rarieda, Siaya, maskini walipewa fedha bila masharti yoyote, na watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, katika matokeo waliyoyachapisha 2016, walikuta furaha imepanda na msongo umeshuka. Pesa huondoa hofu, na hofu ni adui mkubwa wa furaha. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, ambaye mwaka 2010, pamoja na Angus Deaton, alisema kwamba Marekani furaha ya kila siku huacha kupanda kipato kikifika kama dola 75,000 kwa mwaka, alirudi mwaka 2023 akaandika pamoja na Matthew Killingsworth aliyekuwa amepata matokeo tofauti, wakakubaliana kwamba kwa watu wengi inaendelea kupanda. Wanaogota ni wachache walio na huzuni kubwa tayari. Hao nyongeza ya mshahara haiwafikii pale panapouma. Mshahara wako unalipa karo ya mdogo wako, dawa za baba mkwe, kodi ya nyumba. Ukikatika ghafla, hata jikoni hutaisahau dunia tena.

Na kuna vitu ambavyo kazi humpa mtu bila kumwambia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika kijiji cha Marienthal nchini Austria, kiwanda kilichoajiri karibu kijiji kizima kilifungwa. Mtafiti Marie Jahoda na wenzake walikwenda kuchunguza maisha ya pale. Ungetazamia watu wenye muda wote huo wasome, wakutane, wafanye siasa. Wapi! Maktaba iliondoa ada ya kuazima vitabu na bado vitabu vilivyoazimwa vikapungua. Wanaume wakawa wanatembea pole pole mno barabarani, wanasimama simama, na ukiwauliza asubuhi yao ilikwendaje hawana la kusimulia. Jahoda akahitimisha kwamba pamoja na mshahara, kazi huipa siku umbo lake, humkutanisha mtu na watu wasio wa nyumbani kwake, humpa nafasi katika jamii na shughuli ya pamoja ya kushika.

Karibu zaidi na wakati wetu, kwenye kambi za wakimbizi wa Rohingya kule Cox's Bazar, Bangladesh, watafiti waligawa watu: wengine walipewa kazi yenye malipo, wengine walipewa fedha tu za kiasi kile kile. Waliopewa kazi walipata nafuu kubwa ya moyo, ilhali wa fedha peke yake nafuu yao haikuonekana. Baadaye wale wa kazi walipoulizwa kama wangeendelea wiki nyingine bila malipo, karibu theluthi mbili walikubali. Nikisoma habari hiyo nawaona vijana wetu wa Kisauni na Majengo wanaokaa maskani tangu asubuhi. Tunawaita wavivu. Mimi naona watu ambao siku yao imekosa umbo.

Basi kazi na furaha hukaa nyumba moja, mdogo wangu. Ila si kazi yoyote, kwa vyovyote. Na hili linanileta kwenye keki zako.

Uliniletea picha ya keki ya harusi uliyoipeleka Nyali, ya ngazi tatu, yenye maua ya asumini ya sukari. Nimeitazama kwa muda mrefu. Najua kilichomo ndani yake kabla haijawa picha: mayai yaliyotolewa kwenye friji usiku yapoe ukali wa baridi, siagi inayolainika kabla hujamaliza kuipiga kwa joto letu la Februari, stima inayokatika keki ikiwa nusu ya kuiva, na ile safari ya kuivusha feri ukiwa kwenye tuktuk, boksi mapajani, unamwambia dereva apunguze kila penye tuta. Kazi ngumu hiyo. Mbona haikuchoshi kama ya ofisini?

Jibu umeliandika mwenyewe bila kulijua. Keki ina mwisho. Saa tisa Jumamosi inachukuliwa, mlango unafungwa, imekwisha. Keki una kauli juu yake: rangi ni yako, unga ni wako, ikishindikana unajua kwa nini. Na mtu anakuangalia usoni anakwambia ahsante. Kila ulichokikosa ofisini kimo jikoni mwako. Ndiyo maana naichukulia hiyo raha yako ya keki kwa uzito kabisa. Inakuonyesha kwa usahihi unachohitaji.

Lakini kinachoonyesha unachohitaji si lazima kiwe ndicho kitakachokulisha. Siku utakapoacha kazi, jikoni kutaingia vitu ambavyo sasa havimo. Ataingia mteja anayesema "nitakutumia M-Pesa jioni", na jioni ikawa wiki. Itaingia hesabu: unga, siagi, gesi, nauli, halafu bei inayopungua kwa sababu jirani yako naye anaoka na anauza chini yako. Leo unakataa oda usiyoitaka. Kesho huwezi kuikataa. Ramadhani harusi zinapungua na watu wanataka sambusa na kaimati, siyo keki. Baada ya Idd na likizo za Agosti na Desemba harusi zinamiminika hadi unakosa pa kuweka mikono, halafu kimya. Simu itawaka saa tano za usiku vile vile, safari hii ni bi harusi anabadilisha rangi. Usipoangalia utajikuta umejijengea ofisi ile ile, jikoni kwako, bila mshahara wa mwisho wa mwezi. Nimewaona waliofika hapo, na kinachowaumiza zaidi ni kwamba hawakubakiwa na mahali pa kukimbilia.

Sikukatazi. Nakuomba uanze na yale yaliyo mkononi mwako sasa.

Anza na likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kila miezi 12 ya utumishi mfanyakazi anastahili siku za kazi zisizopungua 21 za mapumziko kwa malipo kamili, na angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Hiyo ni haki yako, hujaomba hisani. Andika barua, taja tarehe, taja nani atashika meza yako na kila faili limefikia wapi. Usiende kwa mdomo. Kwa mdomo utaambiwa "tutaona mwezi ujao", kama ulivyoambiwa miaka miwili. Na ukishaipata, usiijaze oda za keki. Wiki ya kwanza lala.

Kisha simu. Hapa wengi hukosea kwa kwenda na lalamiko, na bosi akisikia lalamiko hujifungia. Mwenye kampuni ya mizigo ana hofu moja kubwa: siku za bure bandarini ziishe, gharama za kuhifadhi kontena zianze kuhesabika, na mteja akatae kulipa. Hiyo ndiyo inayomfanya akuandikie saa tano za usiku. Zungumza na hofu hiyo. Mwambie mko wanne kwenye hati. Kila mmoja ashike simu ya usiku wiki moja kwa zamu, na muandike kabisa jambo gani ni la dharura: meli inayoshusha kesho na hati hazijakamilika, kontena lililobakiza siku moja ya bure. Mengine yote hungoja saa mbili asubuhi. Wiki ambazo zamu si yako, simu ya kazi iwekwe chumba kingine, siyo jikoni. Ukiona vidole vinakuwasha siku za mwanzo, vumilia, vitazoea.

Halafu hizo lawama. Pendekeza jedwali moja la mizigo yote litakalotumwa kwa wateja na kwa bosi saa nne asubuhi na saa kumi jioni: kontena gani, liko hatua gani, linasubiri nani. Meli, forodha, bandari, usafiri, au nyinyi. Ni ukurasa mmoja. Mteja wa Kampala akiona kwa macho yake kwamba linangojea gati, hatakupigia mara sita. Na bosi akitaka kuuliza "bado tu?", jibu liko mezani pake, wala halina jina lako. Wewe mwenyewe ndiye ulitengeneze jedwali hilo, uamue lina safu zipi. Ni kauli ndogo, lakini huanzia hapo.

Mpe bosi miezi mitatu. Nasema mitatu kwa kuwa mwezi mmoja ofisi hubadilika kwa aibu tu, na ukingoja mwaka utakuwa umezama zaidi. Wakati huo huo weka daftari la keki kama mtu wa biashara: kila gramu, kila nauli, na saa zako ujilipe. Utakuja kujua kama keki inakulisha au inakufurahisha tu, na yote mawili ni majibu mazuri. Kumbuka pia kwamba mchango wa bima ya afya ya SHA, 2.75% ya mshahara, na ule wa pensheni ya NSSF hukatwa kabla pesa hazijakufikia, na kwenye NSSF mwajiri huongeza fungu lake. Ukijiajiri hayo utayabeba mwenyewe, kwa hiyo yaingize kwenye hesabu.

Bosi akikataa yote, basi utaondoka, na mimi nitakuwa wa kwanza kukuambia ondoka. Lakini mtu anayejua kuipata namba ya ushuru iliyowashinda wengine hana sababu ya kukimbia taaluma yake kwa sababu ya bosi mmoja. Mji huu umejaa mawakala wa meli, vituo vya makontena nje ya bandari, na waagizaji wakubwa wenye idara zao za hati. Tafuta ukiwa ndani. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, na mwajiri mpya mwenye akili atakungoja.

Nimebakiza la mama yako, na hili nilitaka kulisema kwa heshima. Ana haki ya kuona kazi ya ofisini, yenye kiti na kivuli, kama ushindi wa moto wote ule aliouvumilia. Lakini itazame kazi yake vizuri. Aliamka saa tisa za usiku kukanda unga, ni kweli, na moshi ulimtoa machozi. Ila bei alipanga yeye. Wateja aliwajua kwa majina, na nani anakopa na nani halipi. Saa nne asubuhi karai lilikuwa limeoshwa limefunikwa, na siku iliyobaki ilikuwa yake. Alikuwa na umaskini ambao wewe huna, na kauli ambayo wewe huna. Kwa hiyo hamshindani. Na kwamba hukumsikia akilalamika si ushahidi kwamba hakuumia. Mama zetu hawakutulalamikia sisi watoto. Muulize sasa, wewe ni mtu mzima. Huenda akakuelewa haraka kuliko rafiki zako.

Jambo la mwisho ni la afya na usilipuuze. Uliandika kwamba unaamka saa nane za usiku na moyo unakwenda mbio, na kwamba mara mbili umelia kwenye matatu bila kujua kwa nini. Kama hali hiyo itaendelea hata ukiwa likizoni, au ukiona hata keki haikupi raha tena, au ukijiwa na mawazo kwamba afadhali usingekuwepo, huo si uchovu wa kazi peke yake. Usingoje miezi mitatu kwa hilo. Nenda Coast General au kituo cha afya kilicho karibu nawe siku hiyo hiyo, waambie kama ulivyoniambia mimi, na mwambie mumeo akusindikize.

Barua ya likizo iandike wiki hii. Ukishazungumza na bosi, niandikie alivyojibu, neno kwa neno kama utaweza, tujue tunaanzia wapi.